Avogadro, xtb na ORCA kwa mwanafunzi wa Lubumbashi: ipi inakuonya, ipi inakuacha upotee

Karibu kila mwanafunzi wa kemia anayejaribu mahesabu ya molekuli bila maabara huishia kwenye programu hizi tatu za bure: Avogadro ya kuchorea, xtb ya kukadiria haraka, na ORCA ya kuhesabu kwa uzito. Zote zinafanya kazi kwenye kompyuta ya mkononi ya kawaida. Hapa tunazipima kwa jicho la mtu mmoja tu: mwanafunzi anayeandaa TFC (kazi ya kuhitimu ya chuo) au memwari akiwa peke yake chumbani Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na mwalimu anayemsimamia ni fundi wa kemia ya metali lakini si mtu wa kompyuta. Kwa mtu huyo kasi inakuja baadaye. Swali la kwanza ni kama programu itamwambia pale anapokosea.

Kazi ya kupimia tumeitoa hapahapa Katanga. Kwenye viwanda vya Ruashi, Tenke Fungurume na Kolwezi, maji ya asidi yenye shaba huchanganywa na organiki, yaani mafuta ya jamii ya kerosini yaliyotiwa oksimu (molekuli ya kaboni yenye kundi la C=N–OH). Oksimu inaachia protoni na kushika shaba. Kisha asidi sulfuriki kali inaing'oa shaba hiyo na kuipeleka kwenye elektrolisi. Kobalti, kwa sehemu kubwa, inabaki kwenye maji. Swali la mradi: oksimu inapendelea shaba kwa kiasi gani, na kwa nini?

LIX 984N inayotumika sana viwandani ni mchanganyiko wa oksimu mbili, moja ya aldehidi na nyingine ya ketoni, kila moja ikiwa na mkia wa nonili wenye kaboni 9. Kwa mahesabu, kata mkia huo. Kazi yake ni kuifanya molekuli ipende mafuta, haigusi metali. Ukibaki na salisilaldoksimu tupu, shaba ikiwa na oksimu mbili inakuwa na atomi 33. Ukiacha mikia, zinafika 87, na kila mkia unajikunja kwa namna nyingi ambazo zote zingehitaji kuhesabiwa. Mwanafunzi anayeng'ang'ania mikia ili kazi ionekane "ya kweli" atamaliza mwaka akiwa bado anatafuta umbo.

Avogadro ndiyo rahisi kuliko zote kuanza nayo, na ndiyo inayodanganya zaidi. Inakupa picha nzuri ya chochote ulichochora, kiwe na maana au kisiwe nayo. Kwa molekuli za kaboni haina shida. Shida ni metali. Ukibofya kitufe cha kusawazisha umbo, programu inatumia kanuni za nguvu za kimakanika ambazo hazijui kwamba shaba hii inataka mraba bapa, na mara nyingi inaipinda ielekee tetrahedra. Njia inayofaa: chora oksimu moja, isawazishe ikiwa peke yake, nakili ya pili, zungusha ili nitrojeni ikabiliane na nitrojeni na oksijeni ya fenoli ikabiliane na oksijeni ya fenoli, halafu weka shaba katikati kwa mkono, umbali wa karibu 1.9 Å kutoka kwa kila moja ya atomi nne. Baada ya hapo usibofye tena kusawazisha.

Halafu angalia haidrojeni mbili za oksimu, zile za O–H. Kila moja lazima ielekee oksijeni ya fenoli ya ligandi (molekuli iliyoshika metali) ya upande wa pili, ili zifunge duara kuizunguka shaba kwa vifungo viwili vya haidrojeni. Duara hilo ndilo moyo wa kemia hii: linatengeneza tundu ambalo kipimo chake kinaikaa shaba vizuri. O–H ikielekea nje, mahesabu yote yanayofuata yatakwenda salama, yatamalizika, na yatakuwa ya molekuli nyingine. Avogadro haitasema neno. Tunaipa alama nzuri kama penseli, basi.

Toleo la 1.2.0 ni la mwaka 2016 na bado liko kwenye kompyuta nyingi; Avogadro 2 ndiyo inayoendelezwa. Kwa kazi hii tofauti si kubwa.

xtb inatoka kwa kundi la Stefan Grimme, Chuo Kikuu cha Bonn. Njia yake kuu, GFN2-xTB, ilichapishwa mwaka 2019 na inafika hadi elementi ya 86, kwa hiyo shaba, kobalti, nikeli na chuma zote zimo. Leseni yake ni huria: unaweza kumpa mwenzako kwenye flashi bila kuvunja sheria yoyote, jambo zito mahali ambapo megabaiti zinahesabiwa moja moja. Hifadhi umbo ulilochora kama faili ya .xyz, hapa cul2.xyz. Amri ya kwanza ni fupi:

xtb cul2.xyz --opt --gfn 2 --chrg 0 --uhf 1

Atomi 33 hutulia ndani ya muda wa kusubiri chai ichemke, au chini yake. Umbo linalotoka linakaa kwenye xtbopt.xyz. Hapo ndipo thamani yote ya xtb ilipo kwa mwanafunzi: anaweza kukosea asubuhi, akagundua kabla ya saa sita, akarudia mchana uleule. Ikikatika ghafla na ujumbe wa "segmentation fault" kwenye Linux, mara nyingi molekuli haina kosa. Nafasi ya steki ndiyo ndogo. Andika ulimit -s unlimited na export OMP_STACKSIZE=1G kabla ya kuianzisha tena.

Lakini xtb ni kimya mno. Neno --uhf linataka idadi ya elektroni zisizo na mwenza. Shaba(II) ina moja. Ukiandika 3 kimakosa, idadi bado ni witiri, programu inaendelea na inakupa namba nadhifu. Ukisahau --chrg 2 kwenye ioni ya shaba yenye maji sita, itakuhesabia kitu kisicho na chaji, bila kulalamika. Na kuna upungufu wa ndani zaidi: GFN2 haina sehemu ya nishati inayotofautisha hali za spini (jinsi elektroni zisizo na mwenza zinavyopangwa) ipasavyo, kwa hiyo usiiulize kama kobalti inapenda spini ya juu au ya chini. Jibu litatoka, na halitakuwa na uzito. Nishati zake pia zinahesabu elektroni za nje tu. Kutoa nishati ya xtb kwenye nishati ya ORCA ni kutoa mihogo kwenye mafuta. Tumia xtb kupata umbo la kuanzia na masahihisho ya mtetemo. Nishati ya kuandika kwenye jedwali itoke kwingine.

Hapo inaingia ORCA, ya kundi la Frank Neese kwenye taasisi ya Max Planck ya Mülheim an der Ruhr, Ujerumani. Ni bure kwa matumizi ya kitaaluma, ila kila mtumiaji ajiandikishe mwenyewe na kukubali masharti. Kuipitisha kwa flashi, kama kila mtu anavyofanya bwenini, hakuruhusiwi. Faili zake ni kubwa. Panga kuzishusha usiku kwenye mtandao wa kudumu, tena kwa programu ya kushushia inayoweza kuendelea pale ilipokatikia.

Faili ya kuanzia inatosha mistari minne:

! r2SCAN-3c Opt CPCM(Hexane)
%pal nprocs 4 end
%maxcore 1100
* xyzfile 0 2 xtbopt.xyz

r2SCAN-3c ni ya mwaka 2021 na ndiyo tunayoipendekeza kwa mashine ndogo: imebeba besi yake (seti ya kanuni za kuelezea elektroni) na masahihisho yake ndani, mwanafunzi hana la kuchagua, na kwa hiyo hana la kuchanganya. CPCM ni njia ya kuigiza kiyeyusho; heksani inasimama badala ya kerosini. Kwa ioni zilizo majini, badilisha iwe CPCM(Water).

Mstari wa maxcore unaangusha watu wengi. Namba hiyo ni megabaiti kwa kila kiini cha prosesa, si kwa mashine yote. Kwenye kompyuta ya RAM 8 GB, acha karibu 2 GB kwa mfumo wenyewe. Chukua robo tatu ya 6,000 zilizobaki, gawa kwa viini 4, unapata kama 1,100. Anayeandika 6000 akidhani ni jumla ataona mashine inaganda, diski inalia, na hakuna kinachosonga. Na nprocs ihesabu viini halisi: prosesa ya viini 4 inayojitangaza kuwa na nyuzi 8 ipewe 4. Ukitumia viini vingi, ORCA iitwe kwa njia yake kamili, tangu folda ya mwanzo mpaka jina la programu. Kuandika "orca" peke yake hakutoshi.

Namba mbili baada ya xyzfile ni chaji na multiplisiti. Multiplisiti ni elektroni zisizo na mwenza, ongeza moja. Kwa hiyo shaba ileile inaandikwa 1 kwenye xtb na 2 kwenye ORCA. Hakuna kosa linalorudiwa zaidi ya hili, na hapa ORCA inaonyesha utu wake. Molekuli yetu ina elektroni 171. Ukiandika multiplisiti 1, inasimama palepale na kukuambia kwamba multiplisiti witiri na elektroni witiri haviwezekani pamoja. Hilo peke yake linaokoa wiki. Haina kinga ya kila kitu: chaji 0 kwenye ioni ya shaba yenye maji sita itapita pia, kwa sababu elektroni 89 na 87 zote ni witiri. Lakini ORCA inaandika kila inachofanya, na anayesoma faili ya matokeo kutoka juu atakuta chaji, idadi ya elektroni na spini vimeandikwa mapema kabisa.

Mambo matatu yatafutwe kwenye faili hiyo kila mara kabla ya kunakili namba yoyote. Mwishoni kabisa: ORCA TERMINATED NORMALLY. Katikati: THE OPTIMIZATION HAS CONVERGED, kwa sababu programu inaweza kumalizika vizuri ilhali umbo halijatulia. La tatu, ambalo wengi hawalijui, ni thamani ya S2, kipimo cha spini. Kwa elektroni moja isiyo na mwenza inapaswa kuwa karibu 0.75, kwa tatu, karibu 3.75. Ikipanda mbali na hapo, hali iliyohesabiwa ni mchanganyiko wa hali za spini. Mwalimu anayetaka kufuatilia maendeleo ya mwanafunzi wake aombe jedwali lenye safu hizi tatu pamoja na nishati. Mistari mitano iliyokaguliwa hivyo ni maendeleo. Folda ya kazi arobaini zisizokaguliwa ni umeme uliopotea.

Sasa kemia yenyewe, ambapo hakuna programu kati ya hizi inayoweza kukusaidia. Mwanafunzi wa kawaida anaanza na ioni tupu ya Cu2+ hewani, anaongeza oksimu mbili, anatoa protoni mbili, na kupata namba kubwa ajabu isiyofanana na kitu chochote cha kiwandani. Ioni tupu haipo Ruashi. Iko na maji. Na protoni ndani ya maji ni tatizo lenye historia yake ndefu. Njia ya kuyakwepa yote mawili ni mmenyuko wa kubadilishana:

CoL2 + [Cu(H2O)6]2+ → CuL2 + [Co(H2O)6]2+

L ni oksimu iliyoachia protoni. Protoni zimefutana. Idadi ya chembe kushoto na kulia ni sawa, kwa hiyo sahihisho la kutoka shinikizo la gesi kwenda moli moja kwa lita (1.89 kcal/mol kwa kila chembe) nalo linafutana, na sehemu kubwa ya makosa ya kuigiza maji inafutana pia. Namba ikiwa hasi, oksimu inapendelea shaba. Rudia kwa nikeli na una hoja ya kulinganisha.

Ioni ya shaba yenye maji sita isianzishwe kama oktahedra kamili. Inataka kurefuka kwenye mhimili mmoja. Ukiipa ulinganifu kamili inaweza kukwama hapo. Vuta maji mawili yanayokabiliana mpaka karibu 2.3 Å, mengine manne yaache karibu 2.0, halafu iachie itulie yenyewe.

Kobalti ndiyo kona ngumu. Ioni yake kwenye maji ina spini ya juu, multiplisiti 4, hilo halina ubishi. CoL2 inaweza kuwa mraba bapa wa spini ya chini (2) au kukunjamana kuelekea tetrahedra yenye spini ya juu (4). Zihesabu zote mbili, kila moja kutoka umbo lake, na uchukue iliyo chini. Kisha zirudie kwa TPSSh au B3LYP, maana funksheni (kanuni za kukadiria nishati ya elektroni) zisizo na sehemu ya Hartree-Fock (njia ya zamani ya kuhesabu elektroni), r2SCAN ikiwemo, zina tabia ya kupendelea spini ya chini. Njia mbili zikipingana, liandike hivyo kwenye TFC. Jopo linaheshimu mpaka uliochorwa wazi kuliko namba yenye desimali sita. Inafaa pia kutaja kwamba kiwandani kobalti kidogo inayoingia kwenye organiki inaweza kuoksidika kuwa Co(III) na kukataa kutoka tena. Mahesabu ya Co(II) peke yake hayawezi kuonyesha hilo.

Ukienda B3LYP, jihadhari ukilinganisha na makala za watu. B3LYP ya ORCA na ile ya Gaussian, programu nyingine ya aina hii, si sawasawa: zinatumia toleo tofauti la sehemu moja ya korrelesheni. Anayetaka kufanana na Gaussian aandike B3LYP/G. Bila hivyo nishati hazitalingana, na mwanafunzi atatafuta kosa lisilokuwepo.

Mtetemo unahitajika kwa nishati huru, na hapo ndipo mashine ndogo inachoka. Kwa njia ya kusogeza atomi moja moja, atomi 33 zinadai mahesabu 198 ya nguvu. xtb inayamaliza haraka. DFT, yaani jamii ya njia za r2SCAN na B3LYP, inaweza kula siku. Kwa hiyo chukua umbo la ORCA, lipeleke xtb na --bhess, chukua sahihisho la nishati huru, uliongeze kwenye nishati ya ORCA. Hii ni njia inayokubalika, si ujanja wa maskini. Ukifanya mtetemo ndani ya ORCA na ukaona masafa hasi, tazama ukubwa wake. Hasi ndogo, kama −20 cm⁻¹, kawaida ni maji yanayoyumba: rudia kwa TightOpt na DefGrid3. Hasi kubwa, kama −200, ina maana umbo si bonde. Itazame kwa orca_pltvib, anza na namba 6 kwa sababu 0 hadi 5 ni mwendo wa molekuli nzima, sogeza atomi kufuata mtetemo huo, tuliza tena.

Delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu. Hapa ORCA inastahili sifa kuliko inavyopewa. Kila hatua ya kutuliza umbo inaandikwa kwenye faili ya .xyz yenye jina la kazi, na safari nzima iko kwenye _trj.xyz. Umeme ukikatika usiku na betri ikaisha, hujarudi mwanzo: chukua umbo la mwisho, lipe jina jipya, endelea. Obiti za zamani zinasomwa kutoka .gbw kwa MOREAD na mstari wa %moinp, mradi jina la kazi mpya liwe tofauti na la zamani, la sivyo faili inaandikwa juu yake. Usianzishe kazi ndefu yenye Opt na mtetemo pamoja, zitenganishe. Kwenye Windows zima usingizi wa mashine kabla ya kulala wewe, na folda isiwe na nafasi kwenye jina lake: "kazi_tfc", si "kazi yangu ya TFC".

Kuna mtego mmoja wa nchi zinazotumia Kifaransa. Excel ya Kifaransa inataka koma kwenye desimali, ORCA inaandika nukta. Ukibandika nishati, Excel inaziona kama maneno, na hesabu ya kutoa inarudisha kosa au sifuri. Badilisha nukta kuwa koma kwenye safu hiyo tu, na kamwe usifanye hivyo kwenye faili ya .xyz, maana ORCA haijui "1,90". Usikate tarakimu pia: 0.001 Hartree (kizio cha nishati cha ORCA) ni 0.63 kcal/mol, na tofauti unayoitafuta inakaa kwenye tarakimu hizo ndogo. Zidisha kwa 627.509 mwishoni, baada ya kutoa.

Kwa anayenunua mashine ya mtumba kwa ajili ya seti hii: lipa kwanza kwa RAM, 16 GB ikiwezekana, kisha diski ya SSD, kisha betri inayoshika kweli. Kadi ya picha ya michezo haina kazi hapa. ORCA inahesabu kwenye prosesa. Psi4 ni mbadala wa ORCA wenye leseni huria, unaofaa kwa anayejua Python tayari. Kwa asiyeijua, ni masomo mawili kwa wakati mmoja.

Matoleo mapya ya ORCA yanachapisha mwishoni mwa kila kazi orodha ya makala za kutaja kwa njia zilizotumika. Inakiliwe kwenye TFC jinsi ilivyo, pamoja na namba ya toleo, kwa sababu toleo la 5 na la 6 zinaweza kutofautiana kwenye mipangilio ya ndani, na jopo likitaka kurudia hesabu litahitaji kujua ni lipi.